Saa nane: kisa cha bibi aliyepotea Makka akiwa na msafara mzima

## Usuli

Kisa hiki ni cha msafara wa Umra, ile hija ndogo, uliotoka Zanzibar mwezi wa Rajabu. Nilikuwamo nikiwa msaidizi wa kiongozi kwa upande wa wanawake, kwa hiyo sehemu ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu. Nimeondoa majina, kijiji, hoteli na mwaka. Mwenyewe yaliyomfika, ambaye humu nitamwita Bibi, ameridhia yaandikwe. Aliweka sharti moja tu: niandike kwamba hakulia. Hakulia.

Tulikuwa watu 31, na 9 kati yetu walitoka Pemba. Ratiba ilikuwa ya siku 12, tukianzia Madina, kisha Makka kwa basi na kuhirimia (kunuia na kuvaa ihramu, vazi la ibada) Abyar Ali njiani. Bibi ana miaka sabini na kitu, ni mtu wa shamba kaskazini mwa Pemba, na kabla ya hapo safari yake ya mbali kuliko zote ilikuwa ya boti kwenda Unguja kuuguza. Watoto wake walichangizana miaka miwili ili kumpeleka. Alifuatana na mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka 22 anayesoma chuo Unguja.

Mambo mawili kumhusu Bibi yashikwe tangu sasa. La kwanza, ana kisukari cha siku nyingi na hunywa vidonge vya aina mbili, kimojawapo kikiwa glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari. La pili, kwenye fomu yetu ya usajili, mbele ya swali la kusoma na kuandika, tulimwandikia "hajui". Bibi hakwenda skuli, ni kweli. Lakini anasoma msahafu bila kubabaika, na barua zake za Kiswahili huziandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa wazee wengi wa rika lake katika vyuo vya Kurani. Fomu haikuwa na nafasi ya kusema hayo, na sisi hatukuuliza.

## Matayarisho tuliyoyafanya

Vikao vya matayarisho vilikuwa vitatu, vyote katika madrasa moja mjini Unguja. Wapemba walihudhuria cha mwisho tu, siku mbili kabla ya ndege, kwa sababu nauli ya boti ya kwenda na kurudi kila wiki si mzaha kwa mtu wa shamba. Vikao viwili vya mwanzo waliletewa kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp. Bibi ana simu ya tochi. Kwa hiyo aliyepokea mafunzo ni mjukuu, naye alimfikishia bibi yake kile alichoona kinamhusu.

Kuna mambo yalifanywa vizuri na sitaki yapotee. Kiongozi wetu alisimama imara juu ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Cheti chake kinatakiwa kiwe kimetolewa siku zisizopungua 10 kabla ya kuingia Saudi Arabia, na yeye akataka kila mtu awe amechanjwa wiki tatu kabla. Alikagua pasi moja moja kuona muda uliobaki haupungui miezi sita, na akalinganisha jina la pasi na la tiketi herufi kwa herufi. Alikuta Khamis aliyeandikwa Hamisi, na tiketi ikasahihishwa mapema. Dawa zote zilisafiri ndani ya maboksi yake pamoja na barua ya daktari. Mzee mmoja alikuwa na tramadoli za maumivu ya mgongo, akaambiwa arudi kwa daktari wake apewe dawa nyengine, kwani kule dawa hiyo inadhibitiwa kwa sheria na kuingia nayo bila kibali ni kujitafutia kesi.

Manasiki, yaani taratibu za ibada, yalifundishwa kwa moyo wote. Uwani pa madrasa pamewekwa Al-Kaaba ya maboksi iliyofunikwa kitambaa cheusi, na watu walizunguka mara saba wakihesabu kwa sauti. Bibi, katika kikao chake kimoja, alizunguka bila kukosea dua hata moja. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu hana shida.

Hatukufundisha mitaa. Hakuna aliyeambiwa mlango wa Msikiti Mtukufu ulio karibu na hoteli unaitwaje. Kila mmoja alipewa kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kiingereza na bangili ya plastiki yenye namba ya simu. Kadi ya Bibi iliwekwa kwenye bahasha ya mjukuu pamoja na pasi zao, riyali zao zote na dawa, "ili asisumbuke". Maneno hayo niliyasema mimi.

## Ishara ya Madina

Uwanja wa Msikiti wa Mtume una miavuli mikubwa 250, yote ya sura moja. Siku ya pili yetu Madina, Bibi na mjukuu waliagana kuonana baada ya Alasiri "chini ya mwavuli". Wanawake wana sehemu zao na milango yao, wanaume wana zao, hivyo pale hata ndugu wa tumbo moja lazima waachane. Bibi alikaa chini ya mwavuli mmoja, kijana akasimama chini ya mwengine, na Magharibi ikawakuta hivyo. Walionana kwa bahati.

Tulicheka usiku ule kwenye chakula, na Bibi akacheka nasi. Kila nikilikumbuka hilo roho yangu huniuma, kwa sababu ukitoa sukari, kila kilichotokea Makka kilikuwa kimeshatokea pale kwa udogo wake.

## Mambo yalivyokwenda

Makka tulifika usiku na Umra ikakamilika kabla ya Alfajiri. Bibi alitembea sai yote kwa miguu yake, mwendo wa ibada wa karibu kilomita tatu baina ya vilima vya Safa na Marwa, huku watu wa mjini wa umri mdogo kwake wakiomba viti vya magurudumu. Mtu aliyezoea kupanda na kushuka vilima vya Pemba na kikapu kichwani, mwendo haumtishi.

Siku ya pili yake asubuhi palipangwa ziara ya basi: Mina, Muzdalifa, Arafa na Jabal Nur. Ratiba ya karatasi iliandika 8:00. Usiku uliotangulia, wanawake wanne waliokuwa kwenye ngazi za hoteli, Bibi akiwa mmoja wao, walimuuliza mhudumu mwenyeji tuliyemkodi kule kule basi linaondoka saa ngapi. Kijana yule Kiswahili amekiokota kwa mahujaji, na anakisema vizuri. Akajibu: "Saa nane." Kwake yeye thamania ya Kiarabu ni nane, basi. Wawili kati ya wale wanawake walisoma ratiba chumbani wakajua ni saa mbili asubuhi. Bibi hakuwa na ratiba. Alilala akijua basi ni baada ya Adhuhuri.

Ajabu ni kwamba saa ya mshale Bibi anaisoma kama sisi sote: mshale ukiwa kwenye nane, yeye anaita saa mbili. Kwa jicho asingekosea. Alikosea kwa sikio.

Baada ya Alfajiri alirudi hotelini, akanywa kidonge chake kama saa kumi na mbili na nusu, na alipokuta mkahawa haujafunguliwa akaona asubuhi yote ni yake. Akatoka na mwenzake mmoja kwenda kutufu, kuizunguka Al-Kaaba. Mjukuu hakufuatana naye. Mara nyingi wanaume wasio na ihramu huelekezwa ghorofa za juu, na yeye alikuwa anapumzika kungoja basi la saa mbili.

Katika mzunguko wa tatu kundi kubwa la mahujaji walioshikana mikono lilipita katikati yao, na mwenzake akampotea. Bibi alimaliza mizunguko saba, akasali rakaa mbili, akatoka. Waliingia kwa mlango wa Mfalme Abdulaziz, hoteli yetu ikiwa upande wa Ajyad. Yeye akatokea upande wa Marwa, wa pili kabisa.

Sote tulikuwa tumeambiwa: "Ukipotea, tafuta Saa." Mnara wa saa una urefu wa mita 601 na unaonekana karibu popote. Lakini una nyuso nne, kila upande uso. Bibi aliiona Saa, akaifuata, ikawa inamtazama vile vile kila alipogeuka, na vizuizi vya watembea kwa miguu vikamzungusha hadi alipochoka.

Hapo jasho la baridi likaanza kumtoka na mikono ikatetemeka. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu, muda wa saa tatu nzima tangu anywe kidonge, na tumboni hamna kitu isipokuwa maji.

Hotelini, basi liliwashwa saa mbili. Mjukuu alidhani bibi yake yuko na wanawake. Wanawake walidhani yuko na mjukuu. Mwenzake aliyeachana naye alikuwa amesharudi, na alidhani Bibi ametangulia. Ilipita nusu saa kabla mtu kusema wazi kwamba hayupo.

## Maamuzi na sababu zake

Kiongozi aliamua basi liende na watu 26. Tuliobaki tukawa wanne: yeye, mimi, mjukuu na yule mwenzake. Baadhi ya wasafiri walinung'unika kwamba ni kukosa huruma, lakini naamini hakukosea. Watu 30 wasioujua mji wakimwagwa mitaani kutafuta mmoja, jioni utakuwa unatafuta watano.

Uamuzi wa pili ulikuwa wangu na ulikuwa mbaya. Nilimwambia mjukuu asipige simu nyumbani: "Usimtie mama yako presha, baba. Tutampata kwanza." Nia ilikuwa njema, na ndiyo desturi yetu ya kuficha habari mbaya mpaka iwe na mwisho.

Wa tatu ni wa Bibi mwenyewe. Alipohisi sukari inashuka aliacha kutembea. Aliketi chini kwenye kivuli karibu na lango, akamwonesha mwanamke asiyemjua, mtu wa taifa jengine kabisa, mkono wake unavyotetemeka, kisha akaupeleka mdomoni. Yule mama alikuwa na tende kwenye mkoba. Bibi alikula, akanywa maji, akakaa pale pale. "Mie nikajua nikiinuka n'taanguka," alinambia baadaye, "na nikianguka watanipeleka wasikojua wao wala sijui mie."

Alikaa zaidi ya saa moja. Kisha akasikia sauti nyuma yake: "Haya jamani, msiachane!" Lilikuwa kundi la Waswahili kutoka Mombasa. Bibi aliwaita. Kiongozi wao alimuuliza hoteli, hajui. Namba ya kiongozi wetu, hana. Bangili aliivua wakati wa kutia udhu ikabaki kwenye sinki. Namba ya mjukuu anaijua, lakini ile ya nyumbani, na laini hiyo kijana ameshaichomoa kutia ya Saudia. Namba moja nyengine aliyoihifadhi kichwani ilikuwa ya binti yake Pemba. Akaitaja: sifuri, saba, saba, saba, mpaka mwisho. Yule bwana wa Mombasa akajua aondoe sifuri aweke 255, akapiga kwa WhatsApp. Saa za Makka na za kwetu hazipishani, kwa hiyo binti alikuwa macho, yuko jikoni.

Binti akampigia mwanawe papo hapo, kwani WhatsApp ya kijana bado ilikuwa kwa namba ya zamani. Kijana akaiona simu ya mama yake ikilia mkononi, na hakupokea. Alikuwa ameambiwa asiseme, na hawezi kumdanganya mama yake. Iliita mara nne. Alipopokea ya tano, dakika 20 zilikuwa zimepita, na habari ya kwamba Bibi yuko lango la upande wa Marwa na watu wa Mombasa ilikuwa imetoka Makka, ikafika Pemba, ikarudi Makka, ikasimama mfukoni mwake.

## Matokeo

Tulimfikia saa tano na nusu. Sukari yake, iliyopimwa hotelini na muuguzi aliyekuwamo kundini mwetu, ilikuwa 4.8 mmol/L, na hiyo ni baada ya tende. Alikula wali, akalala, akaamka Alasiri akaomba kwenda msikitini. Maneno yake ya mwanzo tulipomkuta hayakuwa ya lawama. Alisema: "Nambiwa saa nane. Bado hata saa sita, nyie mnahangaika na nini?"

Ziara ya basi ilimpita. Kiongozi alikodi gari siku mbili baadaye, kwa fedha ya msafara, akampeleka yeye na mjukuu mpaka Arafa. Kidole cha mguu kilichubuka, na hilo ndilo dhara pekee la mwilini. Mjukuu ndiye aliyeumia zaidi. Siku tatu hakula vizuri, na mama yake alimsema sana kwa simu. Nilimpigia mama mtu mwenyewe nikamweleza kwamba amri ya kutosema ilikuwa yangu.

## Uchambuzi

Ukiuliza watu waliokuwamo, wengi watakwambia kosa ni la yule mhudumu na saa nane yake. Sikubali. Neno moja lililosikiwa vibaya halimpotezi mtu mwenye kadi, riyali hamsini na jina la mlango. Lilimpoteza Bibi kwa sababu matayarisho yote yalikuwa kwa mtu mwengine. Pasi, pesa, dawa, kadi, simu, ratiba na mafunzo, vyote alikuwa navyo mjukuu. Tulimwandaa kijana awe na bibi saa zote, kwenye safari ambayo msikiti wenyewe unawatenganisha mara tano kwa siku.

Halafu lile "hajui". Siku nne baada ya kupotea nilitembea naye kuuzunguka msikiti. Kwenye kila lango alisimama akasoma maandishi ya juu kwa sauti, polepole: Bab... Malik... Fahd. Mjukuu wake, msomi wa chuo, alikuwa anangojea kibao cha Kiingereza. Mjini Makka, kati ya wawili wale, aliyejua kusoma alikuwa Bibi. Tungemwambia jina moja tu la mlango angelitafuta mwenyewe akafika. Sijui niliseme vipi jambo hili lieleweke kwa uzito wake: tulimnyang'anya mtu elimu yake kwa fomu.

Kuhusu dawa, nimezungumza na muuguzi wetu na ninaandika alivyonifahamisha. Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini iwe umekula au hujala. Nyumbani Bibi hunywa kidonge muhogo ukiwa tayari sahanini, na hapati tatizo. Safarini chakula kina saa zake na mkahawa una mlango unaofungwa. Mwenye dawa ya namna hii asiimeze mpaka chakula kiko mbele yake, na asitoke bila kitu kitamu mkononi. Tende zilikuwa zimejaa vyumba vyetu vyote, za zawadi, zimefungwa ndani ya masanduku. Na kabla ya safari aende kwa daktari wake amweleze siku zake zitakavyokuwa, maana daktari aliyemwandikia kipimo alimwandikia maisha ya shamba.

Ule ukimya niliouamrisha niliutazama mwanzo kama kosa dogo, sasa nauona kama la pili kwa ukubwa. Aliyepotea huita pale anapopajua, na Bibi anapajua nyumbani. Jamaa waliobaki ni sehemu ya msafara hata kama hawakupanda ndege. Tulipowaficha, tuliifunga njia moja iliyokuwa wazi.

Yaliyofaa ni machache, lakini yalimwokoa: miguu yake, kichwa kilichohifadhi namba, na busara ya kuketi. Hakuna hata moja tuliyomfundisha sisi. Nampongeza kiongozi kwa uamuzi wa basi, na kwa kutomkemea mtu mbele za watu.

## Tulichobadilisha

Jioni ile ile tuliwakusanya wanawake chumbani kwa Bibi. Nilikuja na wazo la mikoba ya shingoni. Bibi akaitazama, akasema hii mtu ataivua akitia udhu, kama nilivyovua bangili. Akavuta pindo la kanga aliyoivaa ndani ya buibui, akaweka noti mbili za riyali na kijikaratasi, akakunja mara tatu, akakaza fundo kwa meno. "Hiki hakivuliwi," akasema. Tangu siku hiyo kila mwanamke kundini hufunga pindoni noti, na karatasi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu jina lake, hoteli, jina la mlango, ugonjwa wake na dawa yake. Zile karatasi za mwanzo aliziandika Bibi mwenyewe, kumi na nne kwa usiku mmoja, kwa hati nzuri kuliko yangu.

Saa sasa tunaitaja pamoja na sala au wakati wa siku: saa mbili, baada ya jua kutoka. Hatumwachii mhudumu wa kigeni atangaze. Kila msafiri anahifadhi kichwani namba moja ya mtu aliyebaki nyumbani, ikianza na 255, na yule wa nyumbani anapewa namba ya kiongozi kabla ya safari. Dawa zinagawiwa mafungu mawili, fungu la mwenyewe na la mwenzake. Kwenye fomu, swali la kusoma sasa linauliza: unasoma herufi zipi?

Bangili bado hatujapata dawa yake. Wengine wanaivua, wengine inawabana. Na lipo jambo la Wapemba na vikao vyao. Kwa msafara ujao kikao cha kwanza kitafanyika Wete, na watu wa Unguja ndio watakaopanda boti. Bibi ameombwa aje kuwafundisha wanawake fundo.